Rukia Si Mhusika Mdogo

Miongozo ya fasihi tuliyokuwa tukinunua kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne ilikuwa na mtindo mmoja. Mhusika mkuu anapewa kurasa sita. Halafu, karibu na mwisho, unakuta kichwa kidogo kimeandikwa "wahusika wengine". Hapo kila mtu anapata mistari mitatu: jina lake, sifa mbili, na umuhimu wake, ambao karibu kila mara ni uleule. Anamjenga mhusika mkuu. Basi. Kazi yake duniani imeisha.

Leo nataka kuongea juu ya msichana mmoja wa mistari mitatu. Anaitwa Rukia, na anatoka kwenye Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1974. Maoni yangu ni haya, na niko tayari kubishana na mtu yeyote hapa Oyugis mpaka matatu ya mwisho ya Kisii iondoke steji: maswali yote makubwa ambayo riwaya hiyo inasifiwa kwayo yamelipiwa na watu ambao tunawaita wadogo. Na ukimfuata Rukia mpaka nje ya kitabu, unajikuta bungeni, mahakamani na kwa chifu, kwenye historia ambayo haijaisha.

Kwa wale hawajaisoma, ngoja niwape picha. Kezilahabi alizaliwa 1944 kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe. Ukisimama Homa Bay ukaangalia maji huwezi kuiona Ukerewe, iko mbali huko kusini upande wa Tanzania, lakini ni ziwa hilihili. Sisi tunakula omena, wao wanaita dagaa. Alisoma seminari ya Nyegezi karibu na Mwanza, akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akamaliza 1970. Mwaka uliofuata akatoa Rosa Mistika. Mwaka 1974 ikafuata Kichwamaji, na waliochapisha ni East African Publishing House. Siku hizo mtu wa Ukerewe, mchapishaji wa Nairobi na msomaji wa Kampala walikuwa bado ndani ya jumuiya moja, kabla haijavunjika 1977. Kezilahabi alifariki Januari 2020.

Wachambuzi wanaiita Kichwamaji riwaya ya udhanaishi. Usiogope hilo neno. Ni ile falsafa inayouliza kama maisha yana maana yoyote mtu asipojitengenezea mwenyewe, na huo uhuru wa kujitengenezea ataubebaje. Kazimoto ndiye anayeuliza. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na ndiye anayetusimulia. Mwanzoni anakwenda ofisini kwa Manase kutafuta kazi ya likizo. Manase walikua pamoja, lakini sasa ni mkuu wa wilaya, na Kazimoto anasubirishwa huko nje kama mtu asiyejulikana. Ni mwanzo mzuri sana. Kila mtu aliyewahi kukalishwa kwenye benchi la ofisi ya serikali akishika bahasha ya vyeti anamwelewa Kazimoto papo hapo.

Kisha tunafika kijijini, na hapo ndipo tunajua deni lenyewe. Rukia ni dada yake Kazimoto. Ana mimba, na mimba ni ya Manase. Rukia anakufa. Mama yao naye anakufa. Kazimoto anaapa kulipiza kisasi, na kisasi anachokipanga ndicho kinachonisumbua mpaka leo: Manase ana dada, anaitwa Sabina, basi na yeye atamharibu huyo dada.

Hebu soma tena hapo. Mwanamume amemharibu msichana, na ndugu wa msichana, msomi wa chuo kikuu anayejua kufikiri kuliko kijiji kizima, anakaa chini anafikiri, na jibu analolipata ni kutafuta msichana mwingine. Hamwendei Manase. Anamwendea Sabina, ambaye hakumkosea mtu yeyote. Ni kama vile wanaume wawili wanalipana deni na sarafu ni dada zao.

Kisasi hakiendi alivyopanga. Anampenda Sabina kweli, wanaoana. Lakini Manase na mkewe Salima wamepata mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi, na baadaye mtoto wa Kazimoto na Sabina naye anakuja hivyo hivyo. Riwaya inatufanya tuunganishe vichwa hivyo na ugonjwa wa zinaa ambao wanaume hao waliuokota kwenye starehe zao. (Daktari wa leo angekuwa na maswali mengi hapo, lakini tuendelee.) Jina la kitabu linashika pande zote mbili: kichwamaji ni mtu asiye na akili, na pia ni kichwa kilichojaa maji. Mwishowe Kazimoto anajiua.

Kuna wengine pia. Kalia, ndugu mdogo wa Kazimoto, anastahili makala yake peke yake, siku nyingine.

Sasa, mtu atasema: kwani shida iko wapi? Si kila hadithi ina wahusika wadogo? Ndiyo, iko nao. Lakini riwaya za udhanaishi zina tabia moja ambayo nikishaiona siwezi kuacha kuiona. Chukua ile maarufu kuliko zote, L'Étranger ya Albert Camus, ya mwaka 1942. Meursault, Mfaransa wa Aljeria, anampiga risasi Mwarabu ufukweni, halafu kitabu kizima kinageuka kuwa juu ya nafsi ya Meursault: anaamini nini, anahisi nini, kwa nini hakulia kwenye mazishi ya mama yake. Aliyeuawa hana hata jina. Kesi inaendeshwa na yeye hayumo. Ilichukua miaka 71 ndipo Kamel Daoud, mwandishi wa Aljeria, akatoa riwaya yake mwaka 2013 ambamo maiti ile inapata jina, Musa, na ndugu wa kumsemea. Aljeria ilikuwa imeshapata uhuru tangu 1962. Nchi ilipata bendera miaka 51 kabla ya yule Mwarabu kupata jina.

Rukia angalau ana jina. Hapo Kezilahabi anamshinda Camus, na sitaki kumnyima. Lakini kazi anayofanya Rukia ndani ya hadithi ni ileile ya Mwarabu wa ufukweni. Kifo chake kinamfungulia mlango mwanamume aanze kuuliza maswali mazito.

Na wanaume wenyewe walikuwa akina nani? Hapa lazima turudi nyuma kidogo. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na hasa kukatwa mishahara yao wakiwa huko. Nyerere alikasirika. Aliwafukuza zaidi ya 300, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha. Kezilahabi alikuwa chuoni hapohapo miaka hiyo. Novemba 1974, mwaka uleule wa Kichwamaji, chama cha TANU kilipitisha Azimio la Musoma, ambalo pamoja na mambo mengine lilitaka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Woga wa taifa ulikuwa huo: kwamba msomi anatengwa na watu wake, anarudi kijijini kama mgeni anayewadharau.

Kazimoto na Manase ndio sura ya huo woga. Mmoja amepata cheo, mwingine anakisubiri nje ya mlango. Serikali ilidhani ugonjwa wao ungetibiwa kwa jembe na gwanda. Mimi naona Kezilahabi aliona kitu ambacho azimio halikukigusa. Dharau ya msomi kwa mkulima ilikuwa inazungumzwa kila mahali, kwenye hotuba na kwenye nyimbo. Dharau ya msomi kwa msichana ilikuwa inazungumzwa wapi? Mkuu wa wilaya akimpa mimba msichana wa kijijini, hilo lilikuwa jambo la azimio gani?

Na hapa ndipo naomba uvumilivu wako kidogo, kwa sababu hii sehemu ya sheria ndiyo iliyonifanya niandike.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Ndoa mwaka 1971, mwaka wa Rosa Mistika. Kwa sheria hiyo mvulana alioa akiwa na miaka 18, na msichana aliruhusiwa kuolewa akiwa na 15 kwa idhini ya wazazi. Vifungu hivyo vilisimama mpaka Mahakama Kuu ilipotamka 2016 kwamba vinakiuka katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Kuhusu shule, mambo yalikuwa mabaya zaidi: kwa miongo mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa. Juni 2017 Rais Magufuli alisimama Chalinze akasema wazi kwamba kwenye utawala wake hakuna mwenye mimba atakayerudi shuleni. Novemba 2021, baada ya yeye kufariki, ndipo Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako akatangaza kwamba wasichana hao wanaruhusiwa kurudi. Hesabu mwenyewe. Kati ya Rukia wa kitabuni na tangazo hilo ni miaka 47.

Usicheke Watanzania, bana. Sisi Kenya tulikuwa na sheria nzuri na tukaitupa.

Mwaka 1959, bado ni koloni, Kenya ilipata sheria iliyomruhusu mwanamke ambaye hajaolewa kumpeleka baba wa mtoto mahakamani. Akithibitisha, mwanamume anaamriwa kulipa matunzo kila mwezi. Rahisi hivyo. Wanawake waliitumia, na wanaume waliokuwa wakilipishwa walikuwa haohao waliosoma, wenye mshahara na cheo, kwa sababu ndio waliokuwa na cha kulipa. Kelele zilianza. Wabunge wakasema sheria inawafanya wasichana wafanye mimba biashara, eti inawaonea wanaume, eti ni ya kigeni, haiendani na mila zetu. Vyama vya wanawake vilipinga, lakini mwaka 1969 Bunge liliifuta sheria hiyo. Lilikuwa Bunge ambalo halikuwa na mwanamke hata mmoja. Desemba mwaka uohuo ndipo Grace Onyango, aliyekuwa ameshakuwa meya wa Kisumu, alichaguliwa mbunge wa Kisumu mjini, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia bunge la Kenya huru. Alifika wakati mlango umeshafungwa.

Mimi hiyo tarehe naipenda na inaniuma. Mwanamke wa kwanza anatoka hapa kwetu Nyanza, na anachelewa kwa miezi michache tu kupiga kura juu ya jambo hilo. Sijui kura moja ingefanya nini mbele ya ukumbi mzima wa wanaume. Lakini angalau kungekuwa na mtu mmoja mle ndani ambaye angeweza kuwa Rukia.

Baada ya hapo ilibidi tungoje. Mwaka 1994 wizara ilianza kuruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, ikasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili kwa usawa, wawe wameoana au la. Yaani kile kilichofutwa 1969 kilirudi baada ya miaka 41, safari hii kikiwa kwenye katiba ambapo ni vigumu kukitoa. Katikati ya hizo tarehe mbili wamezaliwa wazazi wetu wengi, na baadhi yao wamekua bila kujua jina la baba. Kila dala iko na hiyo stori, ni vile tu haisemwi mbele ya wageni.

Halafu kuna takwimu ya kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta kwamba Homa Bay, katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 23 walikuwa wamewahi kupata mimba. Migori, vilevile 23. Kenya nzima ni 15. Kila mara nambari hizo zikitoka, watu wanaenda redioni kuongea juu ya wasichana: tabia zao, simu zao, pikipiki wanazopanda, disko matanga. Sijawahi kusikia mtu akitangaza asilimia ya wanaume. Kwani hizo mimba zilikuja na upepo wa ziwa? Darasa letu la nane lilikuwa na wasichana wanaonishinda hesabu kila muhula, na wawili hawakufika mtihani. Wazee walikaa, mambo yakamalizwa nyumbani kwa ng'ombe na soda, na aliyehusika akaendelea na kazi yake Jumatatu. Hao wawili ni wahusika wadogo kwenye stori ya nani?

Narudi kwa Kezilahabi, kwa sababu sitaki mtu aondoke hapa akidhani namtukana mzee. Yeye alijua. Ushahidi ni Rosa Mistika. Kwenye riwaya ile ya kwanza msichana yuko katikati kabisa. Rosa anapigwa vibaya na baba yake, Zakaria, kwa sababu ya barua ya mvulana, anakua akiogopa wanaume, anaenda shule ya bweni, anaharibiwa, na mwishowe anajiua. Kila swali la udhanaishi limo mle: uhuru, hatia, Mungu yuko wapi, nani anawajibika. Na ikawaje? Kitabu kikapigwa marufuku mashuleni Tanzania kwa muda, ati kinaharibu maadili, ingawa baadaye kilikuja kusomwa shuleni humohumo.

Miaka mitatu baadaye anaandika Kichwamaji. Ngono imo, magonjwa yamo, kujiua kumo. Tofauti ni kwamba sasa anayefikiri ni mwanamume wa chuo kikuu, na msichana amesogezwa pembeni. Na hii tunaiita falsafa. Hiyo ni tafsiri yangu, hakuna mahali mwandishi alisema hivyo. Lakini weka vitabu viwili mezani uvitazame. Msichana akiteseka katikati ya ukurasa, ni aibu, ficheni watoto. Mwanamume akitesekea juu ya kaburi la msichana, ni udhanaishi, leteni daftari.

Kuna wanaosema Kezilahabi alimwacha Kazimoto asimulie mwenyewe makusudi ili tumwone alivyo. Nakubali, tena naona ndiyo njia bora ya kukisoma kitabu. Kazimoto ana akili ya kuuliza kama Mungu yupo lakini hana akili ya kujiuliza Sabina amemkosea nini. Ukikisoma hivyo, kichwamaji wa kwanza ni yeye, na mwandishi anajua. Lakini si hivyo tunavyokisoma mara nyingi. Tunamfuata Kazimoto kwa sababu anaongea vizuri na anatuongelea sisi vijana tuliosoma tukakosa kazi. Tunasikitika naye mpaka tunasahau kuhesabu nani amekufa kabla yake.

Mimi ningependa mtu afanye kwa Kichwamaji alichofanya Daoud kwa Camus, na ikiwezekana aanze na Sabina badala ya Rukia. Rukia ameshakufa. Sabina ndiye anayebaki asubuhi ile baada ya Kazimoto kujiua. Alichumbiwa kama kisasi bila kujua, akapendwa kwa bahati, akaambukizwa, akazaa mtoto mwenye kichwa kikubwa, na sasa kuna maiti ya mume. Swali la kama maisha yana maana, kwake halikai peke yake. Linakuja na mengine: nani atalipia jeneza, ndugu wa mume watafika saa ngapi, na nyumba ni ya nani.

Hilo la mwisho lina jibu, na limeandikwa. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilitoa tamko la sheria za mila, lililotumika katika wilaya nyingi kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Kwa tamko hilo, mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Mtoto wa Sabina hakuishi.